Tezi Iliyomfunga Mtangazaji Mdomo

Siku Tamsin Pascoe alipomtangaza farasi mmoja kuwa wa kwanza na wa pili kwa mpigo, uwanja mzima wa mbio wa Wirrabilla uliangua kicheko kilichowatimua kasuku weupe waliokuwa wametua juu ya paa la jukwaa.

"Anaongoza Usimwambie Mama!" ndivyo spika zilivyosema. "Usimwambie Mama, kwa kichwa kimoja tu, mbele ya... mbele ya... Usimwambie Mama!"

Mwenyewe hakucheka. Alikuwa juu kwenye kibanda chake cha bati, darubini machoni, akiwatazama farasi wawili wekundu waliofanana kwa kila kitu, hata vumbi la magotini, wakivuka mstari bega kwa bega, na migongoni mwao wapanda farasi wawili wenye jezi ya njano. Alifumba jicho moja. Farasi mmoja akatoweka. Akalifumbua, akarudi.

Sauti ya mbio za Wirrabilla ilikuwa ya akina Pascoe tangu zamani. Mzee Clem, baba yake, alitangaza hadi masikio yalipoanza kumgomea, ndipo akamkabidhi binti yake kipaza sauti. Tamsin alikuwa ndiyo kwanza amevuka miaka ishirini. Sasa alikuwa na thelathini na sita, siku za kazi akiuza chakula cha mifugo dukani, siku za mbio akipanda kibandani. Alikuwa akizitupia jezi jicho mara moja tu, kisha farasi wote anao kichwani. Na alikuwa na pumzi. Kona ya mwisho hadi mstari aliimaliza bila kuvuta hewa, maneno yakimtoka kama mtama unaomwagika kutoka kwenye gunia lililotoboka.

Lakini tangu Krismasi kulikuwa na kitu. Mbio ya kwanza na ya pili alikuwa sawa. Ikifika ya nne, ulimi ulikuwa mzito, na maneno yakapitia puani kama ya mtu aliyejaza uji mdomoni. Na siku hiyo, macho nayo yakaamua kumsaliti mbele ya watu.

Alipokuwa akishuka ngazi alimkuta Bi Heather Dunphy, mwenyekiti wa klabu ya mbio, amemsubiri chini, mikono kiunoni.

"Tam, mwanangu, mimi sitaki kukuuliza umekunywa nini."

"Chai."

"Sikukuuliza."

"Nimekujibu hata hivyo. Chai, na maziwa kidogo."

"Basi hiyo chai yako ni kali."

Barney Quilter, mwenye baa pekee ya mji, alikuwa akipita na kreti la chupa. Akasimama. "Heather, usimwonee mtoto wa watu. Huyu angekuwa mlevi, mimi baa yangu ningeshaipaka rangi zamani."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, lakini Bi Heather hakulegea. Alimwambia Tamsin kwa upole kwamba mikutano miwili ijayo ataitwa mtangazaji wa mji mwingine. Akapumzike. Kabla ya Kombe, mbio kubwa ya mwaka ya mwezi wa tisa, wataonana tena. Tamsin akasema sawa. Alitaka kuongeza maneno mengine, tena makali, lakini ulimi haukumfuata, naye akaogopa kwamba akiendelea kusema atazidi kuonekana amelewa.

Nyumbani alinawa uso. Aliporudi jikoni alimkuta baba yake ameinua ile chupa yake ya chai, ameifungua, ameibandika puani.

"Unanusa nini, baba?"

Mzee Clem alishtuka nusura aiangushe. "Nilikuwa naangalia kama maziwa yamechacha."

"Yamechacha?"

"La."

"Baba, hata wewe?"

Mzee akaiweka chupa mezani, akaifunga taratibu, akaendelea kukizungusha kifuniko hata baada ya kukaza. Alikuwa mtu aliyeishi kwa kusema, na sasa alisimama tu akiitazama chupa. Tamsin naye aliona heri wacheke kuliko wakae hivyo, akavuta kiti, akakata nyama yake ya kuchoma. Akatafuna. Akatafuna tena. Baada ya vipande vichache taya likachoka, ikabidi alisaidie kwa mkono, akilisukuma juu kama anayefunga droo mbovu.

Hapo ndipo Clem alipomtazama binti yake vizuri. Ukope wa kushoto ulikuwa umeshuka hadi katikati ya jicho, kama mlango wa duka linalokaribia kufungwa.

"Hiyo imeanza lini?"

"Krismasi."

"Na ukanyamaza?"

"Wewe ulinyamaza miaka miwili kwamba husikii."

"Mimi sikunyamaza. Sikuwasikia mkiniuliza."

Tamsin alicheka mpaka akapaliwa, na Clem akampiga mgongoni, na kwa hivyo hakuna aliyelazimika kuomba radhi kwa maneno. Lakini asubuhi ilipofika mzee ndiye aliyepiga simu kwa daktari.

Daktari Ranasinghe alikuwa mwanamke mfupi kutoka Sri Lanka. Alikuja Wirrabilla kushika nafasi ya mtu kwa miezi sita, na sasa alikuwa na kuku wa mayai na ugomvi wa kudumu na mbuzi wa jirani. Aliposikia maelezo ya Clem kwenye simu alisema, "Msimlete asubuhi. Mleteni jioni, akiwa amechoka."

Jioni akamketisha Tamsin chini ya feni ya dari. "Itazame hiyo feni. Usiniangalie mimi, iangalie feni." Tamsin akaitazama. Haikuchukua muda, kope zote mbili zikaanza kushuka zenyewe, taratibu, naye akizipigania kama mtu anayesinzia kanisani. Daktari alifungua friji iliyokuwa pembeni, akatoa mfuko wa njegere zilizogandishwa, akauviringisha kwenye taulo.

"Hizo ni dawa?" aliuliza Clem.

"Ni chakula changu cha usiku. Tamsin, fumba macho."

Akamwekea njegere juu ya jicho baya. Wakakaa hivyo, feni ikizunguka, maji baridi yakimtiririka Tamsin shavuni. Daktari alipouondoa mfuko, ukope ulikuwa juu, mahali pake, jicho limefumbuka wazi.

"Njegere zimemponya!" Clem alisimama.

"Hazijamponya, mzee. Zimeuchongea ugonjwa tu." Daktari alitabasamu, akavuta kiti karibu na Tamsin. "Sikiliza. Neva ikitaka msuli ufanye kazi, inautumia ujumbe. Msuli una milango yake ya kuupokea. Sasa kinga yako ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, imekosea adui. Inaziba hiyo milango. Asubuhi umepumzika, ujumbe unapenya. Jioni ujumbe unabisha hodi na hakuna anayefungua. Baridi inausaidia kidogo, ndiyo maana umeona ulichokiona. Nadhani ni ugonjwa unaoitwa maistenia. Damu itatuhakikishia."

"Kwa hiyo sina wazimu."

"Huna wazimu, wala hunywi."

Tamsin akamgeukia baba yake. Clem alikuwa anaitazama feni kwa makini sana.

"Kuna jambo jingine," Daktari aliendelea, akijigusa katikati ya kifua. "Hapa nyuma ya mfupa kuna tezi. Inaitwa thaimasi. Ukiwa mtoto ni kubwa, na humo ndimo askari wa kinga wanamofundwa kazi. Ukikua inasinyaa, inageuka mafuta, unaisahau. Kwa wenye ugonjwa wako, mara nyingi inakuwa haijasinyaa, au imevimba. Na mara chache huota uvimbe mbaya. Kwa hiyo lazima tuitazame."

Walimpa vidonge vya kuanzia, wakachukua damu, wakampeleka mji wa jirani wenye mashine ya CT. Damu ilisema kama Daktari Ranasinghe alivyosema. Picha ya CT ilionyesha kitu kinene mbele ya moyo, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Daktari wa upasuaji aliyepigiwa simu huko Brisbane alisema huenda ni tezi imevimba tu, huenda ni uvimbe wa kuondolewa haraka. Katika CT vyote viwili ni kijivu. Kama ni uvimbe, basi mfupa wa kifua utafunguliwa.

"Utafunguliwa na nini?" aliuliza Tamsin.

"Kwa msumeno mdogo maalumu," ilisema simu.

Tamsin alikaa siku mbili bila kuzungumza. Haikuwahi kutokea. Wateja wa dukani walidhani wamemkosea, mmoja akanunua magunia ambayo hakuyahitaji. Hakulilia kifua chenyewe. Alifikiria pumzi, ile pumzi ya kona ya mwisho, na kama mtu akishapasuliwa na kushonwa pumzi ile hurudi ilivyokuwa.

Daktari Ranasinghe ndiye aliyesisitiza kipimo cha MRI kwanza, kabla mtu hajashika kisu. "Hiyo haina mionzi," alimwambia. "Ni sumaku, kubwa kweli kweli. Na ina ujanja mmoja ambao CT haina: inajua kutambua mafuta yaliyojichanganya ndani ya nyama. Mafuta hayo ndiyo yatakayotupa jibu."

Wakaenda Brisbane kwa gari la mzee. Tamsin alikuwa amebandika plasta nyeusi kwenye kioo kimoja cha miwani yake ya jua ili asione barabara mbili.

"Haramia wangu," Clem alimwita kila waliposimama kutia mafuta.

"Endesha, baba. Kuna kangaruu wawili mbele."

"Ni mmoja."

"Basi mkwepe huyo mmoja, mimi nitamshughulikia wa pili."

Asubuhi ya pili yake walipokelewa hospitalini na Losaline, mtaalamu wa mashine, mwanamke kutoka visiwa vya Tonga mwenye mabega ya mcheza raga na sauti ya kubembelezea mtoto. Akawaambia watoe kila kilicho chuma. Tamsin alikuwa na hereni tu. Clem akaanza kupakua mifuko: funguo, kisu cha kukunja, koleo dogo, misumari ya kwato za farasi, kifaa chake cha masikio, na kijiko ambacho hakujua kimefikaje humo.

"Na mimi naingia naye," alisema.

"Wewe huingii, mzee. Unanitia wasiwasi. Nikikukagua tena nitakuta jembe. Sumaku ile haizimwi, ikikukamata utabandikwa ukutani kama kalenda."

Akamweka Clem pamoja naye kwenye chumba cha pembeni chenye kioo na kompyuta, penye kiti cha ziada.

Tamsin alilazwa kwenye kitanda chembamba. Wakamfunika kifua kwa kitu kama fulana ngumu, wakambandika vinasa mapigo ya moyo, wakamvisha spika za masikioni, wakampa mpira mdogo wa kuminya akizidiwa. Kitanda kikaingia kwenye lile tundu. Dari ilikuwa karibu na pua yake. Alijiambia ni kibanda cha bati tu, kimelala ubavu.

Kisha kelele zikaanza. Ta-ta-ta-ta, halafu mlio mzito kama wa mtu anayekokota meza, halafu tena ta-ta-ta-ta za haraka. Kwato kwenye ardhi kavu, Tamsin aliwaza, na bila kukusudia akawapa majina. Nyundo ametangulia. Cherehani yuko nyuma yake. Na kwa upande wa nje, taratibu lakini hachoki, anakuja Meza ya Shangazi...

Kelele zikakatika.

"Tamsin," ilisema sauti ya Losaline masikioni, "unaongea?"

"Siongei."

"Kidevu kinacheza kama cha mbuzi. Picha imetoka kama niliipigia kwenye lori."

"Humu ndani kuna mbio, dada."

"Nani anaongoza?"

"Nyundo."

"Haya, mtangaze moyoni. Mdomo ufunge. Zinazokuja sasa ndizo picha zenyewe, na katika hizo utanishikia pumzi. Nikisema vuta, vuta. Nikisema toa, toa, kisha usivute tena mpaka nikuruhusu. Utaweza?"

"Dada, uliza Wirrabilla yote."

Vuta. Toa. Shikilia. Mara ya kwanza alishikilia bila shida. Lakini katika kushikilia huko mbio hazikuwepo tena. Hakuna Nyundo, hakuna Cherehani. Palikuwa na yeye na kile kitu kilichokaa mbele ya moyo wake, na ndipo alipogundua kwamba tangu aingie hospitalini alikuwa akipiga porojo ili asikifikirie. Aliporuhusiwa kupumua hewa iliingia kwa kukatikakatika. Mara ya pili alishindwa katikati. Ya tatu hakufika hata huko. Vidole vikaukamata ule mpira.

Kwenye chumba cha kioo Losaline aliona mapigo ya moyo yakipanda. Akamtazama yule mzee aliyekaa kwenye ncha ya kiti, mikono katikati ya magoti. Akakizungusha kile kipaza sauti cha mezani, akakisogeza mbele ya Clem. Haukuwa utaratibu wao.

"Zungumza naye."

"Tam?" Clem alikikaribia kama anayekaribia farasi asiyemjua. "Tam, huyu mama amenipa kipaza sauti. Nifanye nini nacho?"

Ndani ya tundu Tamsin alifumba macho. Hakuwahi kusikia sauti ya baba yake ikimjia hivyo, kwenye waya, tangu alipokuwa mtoto wa kukaa sakafuni mwa kibanda akila biskuti.

"Tangaza, baba."

"Nitangaze nini?"

"Chochote."

"Usimchekeshe tu," Losaline alimwambia karibu na sikio. "Akicheka picha imeharibika. Mtangazie mbio za huzuni."

"Hakuna mbio za huzuni, mama, ila kwa aliyeweka dau." Clem akajikohoza. Akanyoosha mgongo. "Mabibi na mabwana, hali ya hewa ni nzuri, njia ni kavu, na farasi wako getini. Wako saba. Wote wazuri, isipokuwa wa nne, huyo alinunuliwa kwa huruma."

Tamsin alihisi vidole vyake vikilegea.

"Geti limefunguka! Wametoka pamoja. Anatangulia Binti wa Pascoe, rangi ya kahawia, amevaa shuka la hospitali. Nyuma yake sioni mtu, sina darubini, wamenyang'anya kila kitu changu. Wanaingia kona..."

"Sasa," alisema Losaline. "Vuta. Toa. Shikilia."

"...wanaingia kona," Clem alishusha sauti, akaendelea polepole, "na hapa, mabibi na mabwana, hakuna anayepiga kelele. Wanakimbia kimya. Unasikia kwato tu. Haraka haina kazi hapa. Farasi mwenye akili anaitunza nguvu yake kwenye kona, hatapatapi, anajua mstari uko wapi..."

"Pumua."

"...na ametoka kwenye kona! Mnamwona? Ametoka!"

Walifanya hivyo mpaka picha zote zikaisha, na Tamsin hakukosa pumzi tena hata mara moja. Clem alitangaza kona nyingi kuliko zilizo katika uwanja wowote duniani. Alipomaliza alitoa leso, akafuta uso wote, akasema chumba kina joto. Kilikuwa na kiyoyozi.

Mchana waliitwa kwa Daktari Zammit, bingwa wa kusoma picha, mtu mrefu mwembamba mwenye chembe za biskuti kwenye tai. Kwa kawaida majibu huenda kwa daktari aliyemtuma mgonjwa, lakini daktari wa upasuaji alikuwa ameshakaa naye mbele ya kioo cha kompyuta na wote wawili walitaka Tamsin aone mwenyewe.

"Hapa ni kifua chako, kimekatwa kama mkate," alisema Zammit. "Huu moyo. Na hii mbele yake ndiyo thaimasi yako. Kubwa kuliko inavyostahili kwa umri wako, hilo halina ubishi. Sasa nina picha mbili za mahali palepale. Katika hii ya kwanza, mafuta na maji vinaongeza mwanga kwa pamoja. Katika ya pili nimeitega mashine ili mafuta na maji vifutane. Nyama yenye mafuta ndani yake inafifia. Uvimbe mbaya kwa kawaida hauna mafuta hayo, kwa hiyo unabaki vilevile, haubadiliki. Tayari?"

Tamsin aliivua miwani yake ya plasta, akafumba jicho moja kwa kidole. Katika picha ya kwanza tezi ilikuwa ya kijivu, mfano wa kipepeo aliyekunja mabawa. Daktari akabonyeza. Kipepeo akageuka mweusi tii.

"Mungu wangu," alisema Clem. "Imekuwa nyeusi." Alimshika binti yake begani kwa nguvu. "Nyeusi yote."

"Nyeusi ndiyo tunayoitaka, mzee."

"Sema tena. Sikio hili halifanyi kazi."

"Nyeusi ni nzuri!"

"Unasema?"

"NI NZURI!" alipaza sauti Zammit, mpaka mfagiaji aliyekuwa kwenye ukumbi akachungulia mlangoni kuona nini kizuri.

Tamsin alisogeza kiti karibu na kioo. "Irudie," alisema.

Daktari akairudia. Kijivu, nyeusi. Kijivu, nyeusi. Akamwachia mwenyewe abonyeze, naye akabonyeza mara nyingi, kama anayejaribu taa mpya ya sebuleni. Zammit akamweleza bila kumficha kwamba mashine si mtume. Lakini mafuta yamo tezi nzima, hakuna donge lililobaki, mipaka yake ni laini, haijabana mshipa wowote. Kwa kila anachokiona, hii ni tezi iliyovimba kwa sababu ya ugonjwa wake, si uvimbe mbaya. Watampiga picha tena baadaye ili wajiridhishe. Daktari wa upasuaji, aliyekuwa ameegemea dirisha, akasema msumeno wake unaweza kupumzika. Daktari wa neva atampangia dawa sawasawa, na akishapata nguvu watazungumza kama iko haja ya kuitoa hiyo tezi, kwa kuwa wengi hupata nafuu ikitolewa. Siku hizi upasuaji hupitia vitundu vidogo ubavuni, bila kufungua mfupa.

"Lakini hilo si la wiki hii," alisema.

"Wala si la kabla ya Kombe," alisema Tamsin, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, akicheka huku akilia, na Clem akimpa leso ambayo tayari ilikuwa imelowa.

Miezi iliyofuata haikuwa laini yote. Dozi ilipandishwa, ikashushwa, ikapandishwa tena. Vidonge viliyarudisha macho na ulimi, lakini tumbo lilinguruma kama trekta, hata dukani wateja wakawa wanageuka kutazama nje. Zilikuwepo asubuhi alizoamka hawezi kuinua mikono kuchana nywele. Alijifunza kulala mchana bila kuona aibu, na kula nyama asubuhi, taya likiwa na nguvu. Barney Quilter aliona hilo ni jambo la busara, akaanza kuuza nyama ya kuchoma kwa kifungua kinywa.

Bi Heather alikuja nyumbani na keki ya matunda. Aliketi, akala vipande vitatu vya keki yake mwenyewe, akazungumzia mvua.

"Yule mtangazaji tuliyemwita," alisema mwishowe, "anatangaza kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa."

"Nimesikia."

"Tam, nilikosea. Ningeuliza kwanza, ndipo niamue."

"Uliuliza. Hukupenda jibu."

"Chai."

"Na maziwa kidogo," alisema Tamsin, akamsukumia kikombe.

Siku ya Kombe jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi, wengine wametoka mashamba ya mbali sana. Tamsin alimeza kidonge chake mapema, akapanda ngazi polepole, akashika kipaza sauti. Geti likafunguka na maneno yakaja, kwanza moja moja, kisha yote kwa pamoja, na kila farasi akawa mmoja tu. Watu wa jukwaani walipiga makofi kabla mbio haijaisha, jambo lililowachanganya farasi kidogo.

Walikuwa wamepatana kwamba mbio ya tatu atapumzika. Kwa hiyo Clem akatangaza, naye Tamsin amelala chali sakafuni mwa kibanda akimsomea kwa sauti kubwa, kutoka kwenye orodha, namba ambazo mzee hakuzisikia. Aliitangaza vizuri mno, mbio ile. Kosa lake ni kwamba alisahau kukizima kipaza sauti.

"Tam," uwanja mzima ulisikia, "umeiona kofia ya Heather? Ukiigeuza unaweza kuogeshea kondoo."

Bi Heather alisimama jukwaani, akaivua kofia, akainama kwa pande zote nne, na kwa dakika nzima hakuna aliyeweza kusikia kitu kingine.

Kombe lenyewe lilikuwa mbio ya mwisho. Tamsin alilitangaza mwenyewe tangu getini hadi mstarini, na kona ya mwisho aliimaliza kwa pumzi moja, sauti ikimchakaa kidogo mwishoni lakini haikukatika. Alipoteremka, ukope ulikuwa umeanza kuwa mzito. Alivaa miwani yake, akajipenyeza katikati ya watu waliotaka kumshika mkono, akamtafuta Daktari Ranasinghe.

Alimkuta amening'inia kwenye uzio, viatu mkononi, sauti imemkauka kabisa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika kwenye mbio. Alikuwa amempenda farasi mmoja wa kijivu kwa sababu ya macho yake, akaweka dau bila kumsikiliza mtu. Farasi wengine walikuwa wameshafika, wameshavuliwa matandiko na kupewa maji. Wa kijivu ndiyo kwanza alikuwa anaimaliza kona, akitembea, akitazama mandhari.

"Njoo, baba! Njoo!" Daktari alimsihi farasi wake kwa sauti ya chura. "Anaweza bado?"

"Daktari, mbio zimeisha," alisema Clem, aliyekuwa amemfuata Tamsin.

"Nyamaza, mzee. Tamsin, wewe unajua mambo haya. Anaweza?"

Tamsin aliegemea uzio kando yake, akafumba jicho moja, akamtazama yule farasi kwa makini.

"Anakuja," alisema. "Tumpe nafasi."

Wakabaki pale wote watatu wakimshangilia.